Bibi Hakufa kwa Uzee

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Inspekta alivuta kiti akaketi mbele ya marehemu, wakatazamana.

Marehemu mwenyewe alikuwa kompyuta. Ilikuwa kubwa, nzito, rangi yake zamani nyeupe na sasa ya meno ya mvuta sigara, na kioo chake kilikuwa kile cha kizamani chenye kisogo kirefu. Wafanyakazi wa ofisi ya ramani waliiita Bibi, na wengine waliiamkia kabisa kabla ya kuiwasha. Kwa miaka kumi na tisa ramani zote za mji zilikaa tumboni mwake. Ijumaa iliyopita, mchana, Bibi alikutwa na kioo cha bluu na maandishi meupe yasiyosomeka, na ramani hazipo. Kijana fundi aliyeletwa kumwekea mfumo endeshi mpya alilala mahabusu Ijumaa hiyo hiyo, akalala Jumamosi, akalala Jumapili. Leo saa nane mchana alitakiwa kusimama mbele ya hakimu, na kwa jinsi jalada lilivyokaa, hakuna aliyetegemea kwamba angerudi kwake.

"Afande, mimi sioni tunachotafuta," alisema koplo, amesimama mlangoni na jalada kwapani. "Kesi hii imejifunga yenyewe."

"Nifungie tena nione."

Koplo alifungua jalada. Alikuwa mtu wa kupenda kusoma kwa sauti.

"Moja. Kitabu cha getini. Fundi aliingia Ijumaa saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi, akatoka saa moja na dakika arobaini. Ofisi inafunguliwa saa mbili. Alikuwa peke yake humu. Mbili. Taarifa ya maabara. Wametoa diski ya hii mashine wakaisoma. Kazi ya kuweka mfumo mpya na kufuta vya zamani ilianza Ijumaa, sifuri saba, nukta mbili, kumi na mbili. Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, afande. Nani mwingine alikuwepo? Mende?"

"Na fundi anasemaje?"

"Anasema hakuweka kitu. Eti alikuja kunakili ramani kwanza, mashine ikakataa diski yake ya nje, akaizima, akaenda mjini kutafuta waya wa aina ya kizamani. DVD ya mfumo mpya akaiacha hapa mezani. Akarudi saa nane na nusu, akakuta kioo cha bluu."

"Risiti ya waya?"

"Ipo. Saa sita na nusu mchana. Haimsaidii chochote, saa moja asubuhi alikuwa humu humu."

Inspekta alijikuna shingo. Alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wakubwa wake waliuchukia: jambo likinyooka kupita kiasi, lilimwasha. Katika miaka yake ya kazi alishawakamata wezi wengi, na hakuwahi kuona mwizi aliyeiba kwa unadhifu kiasi hicho kisha akarudi mwenyewe mchana kutazama alichoharibu.

Aliinama akachunguza uso wa Bibi kwa karibu. Pembeni ya kioo palikuwa na kipande cha utepe wa karatasi, kimebandikwa zamani hadi kingo zimejikunja. Juu yake kulikuwa na herufi kubwa, zimenyooka kama zimechapwa: WEKA TAREHE KWANZA. Aliandika maneno hayo kwenye kijitabu chake, akapiga mstari chini.

"Hodi."

Aliyeingia alikuwa mzee mwembamba, shati jeupe, miwani ya kamba, na rula ya chuma imechungulia kwenye mfuko wa kifuani. Huyu ndiye mchora ramani, na ofisi nzima ilimwita Mzee Rula. Mkononi alibeba hotpoti ndogo iliyofungwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa napita kituoni kumpelekea kijana chakula, nikaambiwa mko huku." Alikaza kitambaa cha hotpoti. "Mpwa wangu atatoka lini?"

"Leo anapelekwa mahakamani."

Mzee aliikumbatia hotpoti kwa mikono miwili. Fundi alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Alimlea tangu akiwa na miaka minane, akamsomesha, na yeye ndiye aliyempendekeza kwa kazi hii. Siku tatu mfululizo alikuwa akileta chakula, na siku tatu aliuliza swali hilo hilo kwa maneno hayo hayo.

"Hakufanya," alisema. "Namjua. Hakufanya."

"Basi nani, Mzee?"

"Mashine imezeeka tu. Kitu kikizeeka kinakufa."

"Kinakufa," Inspekta alikubali. "Lakini hakijifuti. Huu utepe uliandika wewe?"

Mzee alitazama kipande cha karatasi kama mtu aliyeulizwa habari za jirani aliyehama siku nyingi. "Zamani. Kuwakumbusha vijana."

"Kuwakumbusha nini?"

"Tarehe," alisema, akatazama hotpoti yake. "Chakula kitapoa, mwanangu. Niruhusu."

Alipoondoka, koplo alitikisa kichwa kwa huruma. Inspekta aliuangalia mlango kwa muda, kisha akasimama. "Twende kwa bosi. Fundi alisema alimpa onyo la maandishi, bosi akasema hajaona karatasi yoyote. Mmoja wao ni mwongo, na njia ya mwongo ni fupi. Tuipime."

*

Mkuu wa ofisi alikuwa na tai iliyobana shingo na kiyoyozi kilichonguruma bila kutoa baridi. Ukutani, nyuma ya kichwa chake, palibandikwa waraka wa makao makuu: mashine zote ziwe na mfumo endeshi mpya kabla ya mwisho wa mwezi, na itakayobaki na mfumo wa zamani itakatwa kwenye mtandao. Siku zilizobaki alikuwa amezizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya pembeni.

"Mimi natekeleza amri," alisema kabla hajaulizwa.

"Za nini hasa? Mashine ilikuwa inachora vizuri."

"Inspekta, dunia inakwenda. Mfumo mpya ukishaingia, ramani zetu zote zinalazwa juu ya picha zilizopigwa kutoka angani. Mstari unakaa juu ya barabara yake, ukuta juu ya ukuta wake. Mstari unaodanganya, unaonekana mwekundu, na jina la aliyeuchora chini yake. Niliwaeleza wote kwenye kikao cha Alhamisi. Walifurahi sana."

"Wote?"

"Wote. Watatu walipiga makofi."

Inspekta aliandika. "Fundi alikupa barua Alhamisi baada ya kuikagua mashine."

"Sikupokea barua."

"Ajabu. Anasema aliiandika kwa mkono, karatasi moja, akakupa hapa hapa."

"Karatasi mbili, tena zilichapwa, na wala hakunipa hapa, alinikuta kwenye ng..." Bosi alifunga mdomo. Tai ilipanda na kushuka.

Koplo alikohoa kuficha kicheko. Inspekta aliuweka mkono wake mezani, kiganja juu, akasubiri. Hakusubiri sana. Droo ilivutwa, na karatasi mbili zilizobanwa kwa pini zikatoka chini ya kalenda ya mwaka juzi.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya fundi, imechapwa kwake nyumbani. Maneno yalikuwa machache na ya adabu. Mashine hii haina nguvu ya kubeba mfumo mpya. Kumbukumbu yake ni ndogo na moyo wake ni wa kizamani. Ukiwekwa kwa nguvu, utakwama, na vya zamani vitapotea. Naomba ninakili ramani zote kwanza. Tafadhali mtu yeyote asiiguse.

"Ulikuwa na onyo hili," Inspekta alisema, "na ulimwacha kijana wa watu alale chini siku tatu."

"Ningeonekana nimezembea."

"Umezembea. Lakini sikushiki kwa hilo leo. Ijumaa mchana, kabla kijana hajarudi, ulikuwa wapi?"

"Makao makuu, kikaoni. Nilisaini. Wapigie."

Koplo alitoka kupiga simu, akarudi akatikisa kichwa kwa masikitiko: bosi alikuwa makao makuu kuanzia saa nne hadi saa tisa, na aliongea muda mrefu kiasi kwamba kila mtu alimkumbuka.

"Chumba cha ramani kina funguo ngapi?"

"Mbili. Huu hapa, hautoki kiunoni mwangu. Mwingine anao Mzee Rula. Asubuhi ile alimwazima mpwa wake, akaupokea getini kijana alipotoka." Bosi alijaribu kutabasamu. "Lakini Mzee ndiye roho ya ofisi hii. Ile mashine ni kama mkewe wa pili."

Inspekta aligeuza karatasi ya pili. Hii ilitoka kwa Bibi mwenyewe: fundi aliiamuru mashine ichape orodha ya viungo vyake. Chini kabisa, pembeni, kwa herufi ndogo, mashine ilikuwa imeweka tarehe na saa kama inavyofanya kwenye kila karatasi.

01/01/2004. 00:09.

Aliisoma mara mbili. Kisha akampa koplo.

"Hii imechapwa lini?"

"Alhamisi, si ndiyo? Tarehe ya..." Koplo aliisogeza karatasi karibu na macho. "Mwaka 2004? Fundi mwenyewe alikuwa shule ya chekechea."

*

Mtaalamu wa maabara alikuwa mwanamke mwenye haraka, na kwenye simu alisikika kama anatafuna kitu.

"Afande, nina diski nane mezani. Sema."

"Mashine ikiwa haina diski, inaweza kuwaka?"

"Inawaka. Haifiki mbali, lakini inawaka."

"Saa yake inaitoa wapi?"

"Ndani kuna kabetri kadogo, kama kifungo cha koti. Ndiko kanatunza saa hata umeme ukikatika. Kabetri kakifa, ukizima mashine saa inapotea. Ukiwasha inaanza upya tangu siku yake ya kuzaliwa."

"Na hiyo sifuri saba kumi na mbili uliyoisoma kwenye diski?"

"Ndiyo saa mashine iliyoamini wakati ule. Mimi nasoma kilichoandikwa, afande. Kama mashine ilidanganywa, na mimi nimedanganywa."

Inspekta alishukuru. Walirudi chumba cha ramani, na yeye mwenyewe akabonyeza kitufe. Bibi aliguna, feni ikakwaruza, na kioo kikapata mwanga wa kijivu. Ulitokea mstari mmoja wa onyo: saa haijawekwa. Chini yake paliandikwa 01/01/2004, 00:00, na kimstari kikipepesa kusubiri kidole cha mtu.

"Koplo. Fundi hakuwahi kufanya kazi na mashine hii. Alhamisi aliiwasha, hakujali tarehe, na karatasi yake ikatoka na Januari ya 2004. Kama Ijumaa asubuhi angeweka mfumo mpya, maabara wangekuta tarehe gani?"

"Hiyo hiyo ya 2004."

"Na wamekuta tarehe gani?"

"Ijumaa. Ya kweli." Koplo alikuna kidevu. "Labda Ijumaa aliamua kuiweka."

"Labda. Mtu anayekuja kuiba hurekebisha kwanza saa ya ukutani? Hapana. Aliyefanya hivi aliiweka tarehe bila kujua kwamba anaiweka. Mkono wake umezoea." Aligusa utepe wa karatasi. "Lakini saa bado inanisumbua. Saa moja asubuhi hakukuwa na mwingine humu. Niletee ramani zilizochapwa. Zote zilizoko kwenye makabati."

Zililetwa kwa mikono miwili, mafaili kwa mafaili, yenye vumbi la kutosha kupanda mchicha. Walizitandaza mezani na sakafuni, wakasoma kona ya chini tu. Tarehe zilikuwa sawasawa, mwaka baada ya mwaka. Saa ndizo zilizomfanya koplo anyanyuke.

"Afande! 02:14. Hii 03:40. Hii 02:55. Hawa walikuwa wanafanya kazi usiku wa manane!" Macho yalimtoka. "Hapa pana genge. Kuna watu wanaingia usiku wanachora ramani za wizi."

"Muulize mlinzi."

Mlinzi aliitwa, akachukia. Kwa miaka kumi na moja, alisema, baada ya saa kumi na moja jioni hapajaingia hata paka humu, na kama afande ana ushahidi mwingine auseme mbele ya kitabu chake. Kitabu kilifunguliwa. Kilikuwa safi.

Inspekta alikuwa amepiga magoti sakafuni, anapanga ramani kwa saa badala ya tarehe. 02, 03, 04, 05, 06. Halafu 08, 09. Moja ilikuwa 10:05. Alizihesabu zikafika mia na kumi na nne. Hakuna iliyovuka saa kumi na dakika kidogo. Hakuna iliyoanza kabla ya saa mbili. Na katika miaka yote hiyo, kati ya 07:00 na 08:00 hapakuwa na hata moja.

"Koplo, ofisi hii inafunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Inafungwa?"

"Saa kumi."

"Chakula cha mchana?"

"Saa saba hadi saa..." Koplo aliacha mdomo wazi. Aliitazama sakafu, akaitazama tena, kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima kisha akaikuta usoni pake.

"Kamwite Mzee Rula," Inspekta alisema. "Mwambie nataka kumuuliza kitu kimoja tu."

*

Mzee aliingia taratibu, hotpoti bado mkononi, haijafunguliwa, maana koplo alimkuta bado getini. Alipoziona ramani zake sakafuni zimepangwa mistari mistari, alisimama pale pale.

"Karibu ukae, Mzee. Saa ngapi sasa?"

Mzee alinyanyua mkono. "Tano na robo."

"Naomba niione."

Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka mezani. Ilikuwa saa ya chuma, ya kutia ufunguo, kioo kimekwaruzika. Mshale mfupi ulikaa kwenye tano. Inspekta aliweka mkono wake kando ya ule wa Mzee. Kwenye saa yake mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi na moja, kama kwenye saa ya koplo na kama kwenye saa nyingine zote za mji ule, ambapo watu huona kumi na moja na kusema tano bila hata kufikiri.

"Tangu lini unaiweka hivi?"

"Tangu baba yangu aliponipa. Alisema jua likichomoza siku inaanza, kwa hiyo saa inaanza. Kwa nini mshale uonyeshe jambo moja na mdomo useme jingine?"

"Na kila asubuhi ukimwasha Bibi, anakuuliza tarehe na saa."

"Betri yake ilikufa miaka mingi iliyopita."

"Unaangalia mkononi, unamwandikia unachokiona."

Mzee aliifunika saa kwa kiganja.

"Ijumaa uliangalia mkononi ukaona saba na dakika kumi. Ukamwandikia. Ukaingiza DVD ya mpwa wako. Dakika mbili baadaye kazi ikaanza. Ilikuwa saa saba mchana, Mzee, watu wako kwenye chakula, bosi yuko kikaoni, kijana yuko mjini anatafuta waya. Mlango ulikuwa na ufunguo mmoja tu uliokuwa karibu. Niambie nimekosea."

Feni ya Bibi ilikwaruza. Koplo alikuwa ametoa kalamu lakini hakuandika.

"Nilidhani watasema kazeeka," alisema Mzee Rula. "Kijana alishaandika kwamba mashine haina nguvu. Nikasema, ikikwama, watasema ni uzee, watamlaumu bosi na haraka zake. Kesho yake nikasikia polisi wamesoma saa. Saa moja asubuhi, wanasema. Nikajua ni ile niliyoandika mimi."

"Ukanyamaza."

"Ningeitaja saa, mngeuliza kwa nini."

"Nauliza sasa."

Mzee aliitoa rula mfukoni, akailaza mezani, akainyoosha ifuate ukingo wa meza. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko uso wake.

"Miaka kumi na minane iliyopita nilichora barabara ya mashariki. Nilikuwa nanakili vipimo kutoka daftari la wapimaji kuingiza kwa Bibi. Palikuwa na tarakimu ya moja iliyoandikwa kwa haraka. Nikaiona saba. Barabara ikahama mita sitini, kwenye karatasi. Wakaenda na ramani yangu, wakapiga alama nyumba kumi na moja, wakazivunja. Halafu wajenzi walipokuja wakafuata vigingi vilivyoko ardhini, si karatasi. Barabara ikapita panapotakiwa. Pale pa nyumba pana majani mpaka leo. Hakuna aliyelinganisha. Nani angelinganisha? Ramani zilikuwa kwangu."

"Kwa nini hukuisahihisha kimya kimya?"

"Ukiigusa ramani, Bibi anaandika aliyeigusa na siku aliyoigusa. Nilisema nitastaafu nayo. Alhamisi bosi akasimama akasema picha za angani." Alivua miwani. "Nyumba ya tatu ilikuwa ya dada yangu. Ya mama yake huyu kijana. Alifia kwenye chumba cha kupanga, akiniomba nimtafutie ofisini ni nani aliyemfanyia vile. Nikamwambia natafuta."

Koplo aliacha kutazama mtu yeyote. Inspekta naye alikuwa na hasira na huruma kwa pamoja, na hakujua aanze na ipi, kwa hiyo akashika kazi. Kikulacho ki nguoni mwako, mama yake alizoea kusema, na leo aliona jinsi kinavyoweza pia kukuletea chakula siku tatu kwenye hotpoti.

"Nitaandika kwamba umeharibu kumbukumbu za umma," alisema, "na kwamba ulijua mtu mwingine ameshikwa kwa kosa lako. Na hii ya barabara nitaiandika."

"Iandike. Lakini mpwa wangu asiambiwe ya barabara. Mwambie nimefuta tu. Mwambie nimechanganyikiwa, uzee."

"Sitamwambia kitu, Mzee. Wala sitamdanganya. Hayo ni yako wewe na yeye."

*

Saa sita na dakika ishirini mchana walikuwa kaunta ya kituo. Koplo alishapiga simu mahakamani. Jina la fundi lilikuwa limetolewa kwenye orodha ya saa nane. Fundi mwenyewe alitokea korido ya ndani, ndevu za siku tatu, ameshika viatu mkononi kwa sababu kamba zake zilikuwa kwenye bahasha. Alimwona mjomba wake kaunta, na hotpoti ile, na uso wake wote ukafunguka.

"Mjomba! Umekuja kunichukua?"

Mzee Rula alimsogezea koplo rula yake ya chuma.

Fundi alikaa kwenye benchi akaanza kutia kamba viatu, akiongea bila kupumua, kwa furaha ya mtu aliyenyimwa mazungumzo. "Nilijua tu utahangaika mpaka kieleweke. Wamegundua nini? Niliwaambia saa moja na dakika kumi na mbili nilikuwa chini ya meza natafuta tundu la waya! Kila siku swali hilo hilo, sifuri saba kumi na mbili, sifuri saba kumi na mbili, mpaka nikaanza kuiota. Mjomba, mbona unavua mkanda?"

Koplo alikuwa ameinamia kitabu kikubwa, anaandika huku akisoma kwa sauti, kwa mazoea yake. "Rula ya chuma, moja. Miwani, moja. Mkanda, mmoja. Saa ya mkono..." Aliinyanyua saa kwenye mwanga, mazoea yakamponyoka kabla hajajizuia, akaangalia saa ya ukutani. "Saa ya mkono, moja, mbovu. Imepotea saa sita nzima."

"Si mbovu hiyo, afande," alisema fundi, bado ameinama kwenye kamba, akicheka. "Andika nzima. Mjomba ndivyo anavyoiweka. Kwake mchana wa saa saba mshale unakuwa kwenye..."

Mikono yake iliganda kwenye kiatu.

Aliinua kichwa. Alimtazama koplo, ambaye alikuwa amejificha kwenye kitabu. Alimtazama Inspekta, aliyesimama kando ya mlango na hakuukwepa uso wake. Mwisho akamtazama mjomba wake, suruali imelegea kwa kukosa mkanda, na mkono mtupu wenye alama nyeupe mahali saa ilipokuwa ikikaa.

"Ni wewe," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku tatu, Mjomba. Ulikuwa unaniletea wali, unaniuliza kama nimelala vizuri."

Inspekta alivuta mlango wa nje akaufunga, watu waliokuwa kwenye foleni wabaki huko huko. Mzee Rula alisogea hadi kwenye benchi, akaiweka hotpoti katikati yao, akakaa kwa shida.

"Hilo ndilo dogo, mwanangu," alisema. "Vaa kiatu chako kwanza. Nina la mama yako."